Jinsi ya kuunganisha nguvu za shule za msingi jirani, kuanzia ujirani mwema hadi bodi ya wadhamini

Walimu wakuu wengi wa Tabora wanaujua ushirikiano wa shule kwa jina moja tu: mtihani wa ujirani mwema. Shule tatu au nne zinachangishana rimu, zinatunga mtihani mmoja wa darasa la nne au la saba, watoto wanafanya, matokeo yanapangwa, halafu kila shule inarudi kwake mpaka muhula ujao. Si jambo baya. Ila katika yote yanayoweza kufanyika kati ya shule zinazopakana, hilo ndilo linalomsaidia mtoto kidogo kuliko mengine, maana linamwambia ameanguka bila kumwonyesha aanzie wapi kuinuka.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule au afisa elimu kata anayetaka shule jirani zifanye kazi pamoja kwa kweli, na pengine siku moja ziwe na mfuko wa udhamini wa pamoja. Nimeupanga kwa mfuatano ninaouamini: kwanza kazi, kisha vitu, fedha mwisho. Wanaoanza na fedha huishia kwenye fedha. Watu wa Urambo hawahitaji kuelezwa hili. Mradi wa karanga wa Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1940 uliingia na matrekta na mamilioni ya pauni, na miaka michache baadaye ukaachwa.

Jueni kwanza mipaka yenu

Kuna watu huja na mfano wa Uingereza, na ni vizuri kuujua kabla haujaletwa mezani nusunusu. Kule, Sheria ya Elimu na Ukaguzi ya mwaka 2006 iliruhusu shule kadhaa za umma kuwa chini ya mfuko mmoja wa hisani huku kila shule ikibaki na bodi yake. Baada ya Sheria ya Akademia ya mwaka 2010 ukaenea sana mtindo mwingine, wenye nguvu zaidi: bodi moja inaajiri walimu wa shule zote zilizo chini yake na kupokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu.

Huo wa pili usiuwaze kwa shule za serikali za hapa kwetu. Mwalimu ni mtumishi wa umma, kituo chake cha kazi kinapangwa na halmashauri, majengo na eneo la shule ni mali ya umma, na ruzuku ina masharti yake. Hakuna kikao cha walimu wakuu wanne kinachoweza kubadilisha hayo. Ule wa kwanza ndio unaofanana na tunachoweza: kila shule inabaki na kamati yake, mwalimu mkuu wake na akaunti yake, na juu yake kuna chombo cha pamoja kinachoshika yale tu ambayo shule zimekubaliana.

Hatua ya 1: Chagueni majirani kwa kuangalia njia

Mazoea ni kuchukua shule zote za kata. Mimi ningeanza na swali jingine: mwezi Machi, mbuga zikijaa maji, mwalimu wa shule hii anaweza kwenda shule ile asubuhi na kurudi kabla watoto hawajatoka? Kwa kata za Sikonge, Kaliua na Uyui swali hilo peke yake litaondoa nusu ya orodha. Shule mbili za kata moja zinaweza kutenganishwa na mbuga isiyopitika miezi mitatu, wakati shule ya kata ya pili iko mwendo wa robo saa kwa bodaboda. Basi chukueni ya kata ya pili. Maafisa elimu kata wawili wakikaa wakakubaliana, mpaka wa kata hauzuii kitu.

Shule tatu hadi tano zinatosha. Zikizidi hapo vikao vinakuwa vya kusomeana taarifa. Na msichague zinazofanya vizuri tu. Shule yenye walimu watano na wanafunzi mia saba ndiyo yenye sababu kubwa ya kuingia, na mara nyingi ndiyo yenye mwalimu wa darasa la kwanza ambaye wenzake wote wangefaidika kumwangalia akifundisha.

Hatua ya 2: Ruhusa na maandishi

Hapa msipoteze muda mwingi, ila msiruke. Kila kamati ya shule ikae na kuandika muhtasari unaosema imekubali kushirikiana, na shule zipi, kwa jambo gani, kwa muda gani. Mihtasari ipitie kwa afisa elimu kata kwenda kwa afisa elimu awali na msingi wa halmashauri, pamoja na barua moja fupi. Nakala kwa wathibiti ubora wa shule ni adabu na pia ni kinga: mthibiti akija akakuta mwalimu wa shule jirani yuko darasani, atakuwa anajua ni kwa nini.

Msiwaache watendaji wa vijiji nje. Mkija kuhitaji mkutano wa wazazi, ndio wanaoitisha.

Hatua ya 3: Anzeni na kusoma

Kwa muhula mzima wa kwanza fanyeni jambo moja. Napendekeza kusoma, kwa darasa la pili na la tatu, kwa sababu kila mzazi anaelewa mtoto anayesoma na asiyesoma bila kuelezwa wastani, na kwa sababu mtoto asiyesoma hatafuata somo lolote lingine. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeongeza uzito huu: Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, na darasa la tatu anakutana na Historia ya Tanzania na Maadili kwenye kitabu chenye aya ndefu.

Upimaji wenyewe hauhitaji fedha. Chukueni karatasi moja yenye ngazi nne: silabi, maneno, aya fupi, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ndiyo njia ambayo Uwezo, mpango wa kupima ujifunzaji wa watoto, wameitumia nchini kwa miaka mingi. Wekeni meza tatu chini ya miembe, mbali kidogo na madirisha ili wanaosubiri wasikariri kwa kusikia. Mtoto anakuja, anapewa aya. Akiisoma, anapewa hadithi; akikwama, anarudishwa kwenye maneno, akikwama tena, silabi. Ngazi ya juu aliyoimudu ndiyo inayoandikwa. Mtoto mmoja ni kama dakika tatu, kwa hiyo darasa la watoto 90 kwa meza tatu linamalizika kwa saa moja na nusu.

Sasa jambo lenyewe: anayekaa mezani awe mwalimu wa shule nyingine. Mwalimu wa darasa, hata bila kukusudia, humtangulia mtoto kwa midomo. Utamwona mtoto hatazami karatasi kabisa, anatazama mdomo wa mwalimu wake. Mgeni hana tatizo hilo. Ila mgeni naye akubaliane na wenyeji kanuni moja kabla ya kuanza: lafudhi si kosa. Mtoto wa Kisukuma au Kinyamwezi anayesoma "kura" ikasikika "kula" amesoma, aendelee.

Matokeo msiyabandike ukutani wala kuzipanga shule kwa nafasi. Kila mwalimu mkuu apewe yake, na kikao cha pamoja kione jumla ya watoto katika kila ngazi. Nafasi zilikuwa na mahali pake; Baraza la Mitihani (NECTA) lenyewe liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023. Hapa mnatafuta kitu kingine: watoto walioko kwenye silabi ni wangapi, na nani kati yetu anajua kuwavusha.

Baada ya hapo wapangeni watoto upya kwa ngazi, si kwa darasa, saa moja kila siku. Wa darasa la tatu aliye kwenye silabi akae na wa darasa la pili aliye kwenye silabi. Atanuna siku mbili tatu, kisha atazoea, hasa akianza kusoma. Walimu wanaoshika ngazi moja katika shule zote wakutane kila baada ya wiki mbili. Utaratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tayari unataka walimu wakae katika jumuiya za kujifunza, na mkiunganisha jumuiya hizo kati ya shule hamwongezi kikao kipya juu ya vilivyopo. Shule yenye mwalimu mmoja wa darasa la pili haina mtu wa kujadiliana naye, na kwake hili ni faraja kubwa.

Rudieni upimaji mwisho wa muhula. Kwa wakulima wa tumbaku, angalieni tarehe: kuanzia Februari hadi Aprili ni wakati wa kuchuma na kukausha, na watoto wengi wanashinda shambani au kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mkipima Machi mtakuwa mmepima mahudhurio. Bora Januari mwishoni na tena Mei.

Hatua ya 4: Kubadilishana walimu

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa na lawama nyingi, basi niikalie kidogo.

Neno "kubadilishana" lina maana ya siku au kipindi. Kituo cha kazi hakibadiliki, mshahara haubadiliki, na asitokee mwalimu mkuu anayetumia ushirikiano kumwondoa mwalimu asiyempenda. Liandikwe hivyo hivyo kwenye makubaliano, maana walimu watauliza, na wasipouliza kikaoni watauliziana njiani.

Kitu kinachoua mpango huu ni darasa linaloachwa. Mwalimu wa Kiingereza wa shule A akienda shule B Jumatano, watoto wake 80 wako na nani? Jibu la "mwenzake ataangalia" linadumu wiki tatu. Jibu linalodumu ni kubadilishana kwa pande zote mbili siku ileile: wa Kiingereza anakwenda B, wa sayansi wa B anakuja A, na ratiba za shule zote mbili zinapangwa upya ili vipindi vyao vilingane. Ni kazi ya walimu wa taaluma kukaa siku nzima na karatasi. Wapeni siku hiyo, na chai.

Nauli nayo isiachwe kuwa jambo la mwalimu. Kama bodaboda kwenda na kurudi ni gharama, ijulikane mapema inalipwa na nani. Kama hakuna wa kulipa, chagueni shule zilizo karibu zaidi au fanyeni mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Mwalimu anayejilipia nauli kufundisha watoto wa shule nyingine atafanya hivyo kwa uungwana muhula mmoja, na huo uungwana usigeuzwe sera. Mwalimu anayenyonyesha, au aliye na mtoto mdogo nyumbani, awe mpokeaji wa wageni, asisafiri yeye.

Mgeni akija, mwenyeji wa somo hilo akae darasani. Asiende kusahihisha madaftari ofisini. Shabaha ni kuwa mwaka ujao mwenyeji aweze mwenyewe, vinginevyo mmeazimana pengo.

Hatua ya 5: Vitu vya pamoja

Kitu cha kwanza ambacho shule zitataka ni mashine ya kudurufu. Kabla hamjainunua au kuiomba kwa mfadhili, amueni itakaa wapi. Mazoea ni kuipeleka shule kubwa, au ile iliyo karibu na ofisi ya kata. Ipelekwe penye umeme wa uhakika, mlango wa chuma, na mtu aliyefundishwa kuitumia ambaye hatarajii kuhama mwezi ujao.

Gharama zigawanywe kwa nakala. Mashine ina namba inayohesabu kurasa; kabla shule haijaanza kuchapa, namba iandikwe kwenye daftari, ikimaliza iandikwe tena, mwenye mashine na mgeni wote waweke saini. Kila shule inakuja na rimu zake. Wino na matengenezo vinagawanywa mwisho wa muhula kwa hesabu ya nakala. Bila daftari hilo, ifikapo Septemba kila shule itakuwa na uhakika kwamba wino ulimalizwa na nyingine.

Vitabu vya ziada, globu, vifaa vya vipimo: daftari la kuazimisha, tarehe ya kurudisha, basi. Na mtihani wa pamoja, kwa kuwa mtaendelea nao, uchapwe na watu wawili wa shule tofauti na ufungwe kwenye bahasha palepale. Mwaka 2027 utakuwa na presha yake: darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Shule ndogo yenye walimu wachache wa madarasa ya juu itahitaji majirani mwaka huo kuliko mwaka mwingine wowote, kwa hiyo ratiba ya kusaidiana ianze kupangwa mwaka unaotangulia.

Hatua ya 6: Fedha

Fanyeni hesabu mbele ya kamati zote, kwa uwazi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati yake ni ya vitabu, kwa hiyo inayofika shuleni ni 6,000. Shule ya wanafunzi 480 inapata 2,880,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na utawala. Shule ya wanafunzi 1,300 inapata 7,800,000. Mkisema "tuchange sawa" mmeishamwonea mdogo. Changeni kwa idadi ya wanafunzi.

Na hata hapo, ruzuku isitoke kwenye akaunti ya shule kwenda kwenye mfuko wa pamoja. Ina mafungu yake, inaripotiwa kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za vituo, na mkaguzi atataka kuona shule yenyewe ilinunua nini. Njia salama ni kugawana manunuzi: shule moja inanunua rimu za muhula, nyingine wino, nyingine betri ya sola, kila moja kwa utaratibu wake na risiti zake, kisha mnalinganisha kwenye daftari la pamoja.

Michango ya wazazi ni habari nyingine, nayo ina historia yake. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kuchangisha wazazi, na toka hapo kila mwalimu mkuu mwenye busara anatembea kwa tahadhari. Mchango uwe wa hiari, upitishwe na mkutano wa wazazi wenyewe, ngazi ya wilaya ijue kabla hamjapokea hata shilingi, mwalimu asishike fedha, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango kwa namna yoyote. Mkutano wenyewe uitishwe masoko ya tumbaku yakishafunguliwa na wakulima wakaanza kulipwa. Kumwitisha mkulima Januari kuzungumzia fedha ni kumtafutia ugomvi.

Jiandaeni pia kwa swali moja ambalo kwa Tabora halikwepeki. Wazazi wengi ni wanachama wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na wanajua ladha ya kukatwa kwenye malipo yao kwa sababu mwanachama mwenzao hakurejesha mkopo wa pembejeo. Mzee atasimama nyuma na kuuliza: "Mwenyekiti, hawa wa shule ile wakila fedha, tutakatwa sisi?" Jibu liwe limeandikwa tayari: hakuna shule inayodhamini deni la nyingine, na ushirikiano haukopi. Somea mkutano kifungu hicho kwa sauti. Kinafanya kazi kuliko hotuba ya dakika arobaini ya mgeni rasmi.

Chakula cha mchana kiachwe kwa kila shule. Mzazi anatoa debe la mahindi kwa moyo akijua linapikwa kwenye sufuria anayokula mwanawe. Msiliunganishe.

Hatua ya 7: Bodi ya wadhamini, ikifika wakati

Msiikimbilie. Dalili kwamba wakati umefika ni kuwepo kwa kitu kinachohitaji mwenyewe na ambacho si cha shule yoyote: kiwanja mlichopewa na kijiji kwa ajili ya kituo cha walimu, au mfadhili au wahitimu wa zamani wanaotaka kutoa fedha kwa shule zote kwa pamoja. Kama hakuna, makubaliano ya maandishi yanatosha. Kati ya hapo kuna njia ya kati, kikundi cha kijamii kinachosajiliwa halmashauri kupitia maendeleo ya jamii, na kwa shule nyingi hapo ndipo pa kukomea.

Mkiamua kuendelea, usajili unafanyika RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa Kabidhi Wasii Mkuu, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Mtahitaji katiba, muhtasari wa mkutano uliowateua wadhamini, na taarifa za wadhamini wenyewe. Ikishasajiliwa, bodi inaweza kumiliki mali kwa jina lake, na ina wajibu wa kutoa taarifa wadhamini wakibadilika. Katiba iseme wazi kuwa bodi inamiliki kile tu kilichopatikana na bodi. Madarasa, madawati na eneo la shule havimo.

Katika uteuzi wa wadhamini, walimu wakuu wasiwe wengi. Si kwa sababu hawaaminiki, bali wanahamishwa. Barua ya uhamisho ikija, bodi yenye walimu wakuu watano inaweza kubaki na wawili katika mwaka mmoja. Tafuteni mwalimu mstaafu anayeishi palepale, mfugaji au mfanyabiashara anayejulikana kwa kulipa madeni yake, mama kutoka kamati za shule, mtu wa msikitini na mtu wa kanisani. Mwanasiasa aliye madarakani awe mgeni mwalikwa. Mwaka wa uchaguzi mtanielewa.

Kuhama na kujitoa

Mwalimu mkuu akihamishwa, makabidhiano ya ofisi yawe na faili la ushirikiano kama kitu kinachojitegemea: makubaliano, ratiba ya walimu, daftari la mashine, daftari la azima. Mwalimu mkuu mpya apewe muhula mmoja wa kuangalia kabla kamati yake haijaulizwa kama inaendelea.

Shule ikitaka kujitoa, ijitoe mwisho wa mwaka wa masomo kwa barua ya kamati, si katikati ya muhula kwa hasira. Ilichonunua kwa fedha zake inaondoka nacho. Kilichonunuliwa kwa michango ya pamoja kinabaki kwa shule zinazoendelea, na kama zote zinaachana, kinakabidhiwa kwa shule ambako kipo, kwa maandishi, mbele ya afisa elimu kata. Makubaliano yasainiwe na mwenyekiti wa kamati na mwalimu mkuu wa kila shule. Nakala moja ibaki kila shule, moja kwa afisa elimu kata, moja ofisi ya elimu ya halmashauri.